SOMO LA FAMILIA: CHUNGU CHA NYUMBANI KINAFUNDISHA NINI?



Somo la safari hii ni juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, yaani namna tunavyopika na kula. Tunajua kwamba wako watakaouliza: watu wanaongoja posho wana nafasi gani ya kuzungumza juu ya mila za chakula? Anayekula mara moja kwa siku hachagui. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2023 mgawo ulipopunguzwa hadi nusu, kila mama hapa kambini alijua hesabu ya unga wake kuliko karani yeyote. Lakini tunawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana ndani ya mila hizo kuna elimu inayolinda mwili, na elimu hiyo imeanza kutupotea mikononi.

Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, sisi watu wa Kivu ya Kusini tulipovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo ni mzazi. Amekua akila ugali wa mahindi na njegere za posho. Muhogo ameuona sokoni, tena mara nyingi umekwisha kuwa unga. Ukimwambia "loweka muhogo," atakuuliza, "Siku ngapi?" Ni swali zuri, na ni lazima awepo mtu wa kulijibu.

Muhogo mchungu na siku tatu za maji

Kule kwetu, Uvira, Baraka, Fizi na milimani juu, chakula cha nyumba ni bukari ya muhogo. Wa Kinshasa huita fufu, lakini ni ndugu mmoja. Wengi wetu tunadhani muhogo ulikuwapo tangu Mungu alipoumba ziwa. Sivyo. Muhogo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, ulioletwa na Wareno katika pwani ya Kongo katika miaka ya 1500, ukaingia ndani polepole, kijiji kwa kijiji. Wenyeji wa Amerika walikuwa wamekwisha kujua kwamba mizizi ile ina sumu, nao walikuwa na njia zao za kuiondoa. Mama zetu wa Kongo nao wakawa na njia yao: kuloweka mtoni au katika shimo la maji mpaka muhogo ulainike, kuutoa, kuondoa nyuzi, kuuanika juani, kisha kutwanga na kuchekecha.

Kwa nini siku tatu au zaidi, na si moja? Ndani ya muhogo mchungu sumu imefungwa, kama kitu kilichowekwa chumba kimoja na ufunguo wake chumba cha pili. Muhogo unapokaa majini na kuchacha, kuta za vyumba hivyo huvunjika, vitu viwili vinakutana, na sumu inayoitwa sianidi hufunguka ikatoka katika maji na hewa. Ile harufu tunayoijua wote, ambayo wageni hushika pua, ni ishara kwamba kazi inafanyika. Muhogo uliotolewa mapema bado ni mgumu, na kazi yake haijaisha. Bibi zetu hawakuwa na jina la sianidi. Walikuwa na kidole: ukibonyeza muhogo usibonyee, rudisha majini.

Sasa tazameni kilichotokea pale njia hiyo ilipokatwa. Mwaka 1938 daktari mmoja Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliandika habari za ugonjwa wa eneo la Kwango, kusini-magharibi ya Kongo. Watu wenyewe waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu mzima, au mtoto, analala akiwa mzima. Ghafla miguu yote miwili inakaza na haitii tena. Haiponi. Anatembea kwa ncha za vidole, kwa fimbo, au hatembei kabisa, maisha yake yote. Wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto ndio wanaopigwa zaidi.

Katika miaka ya 1980 wachunguzi walikwenda Bandundu, jimbo lililohusisha Kwango wakati ule, kutafuta sababu. Walikuta kwamba barabara ya lami kwenda Kinshasa ilikuwa imeleta wanunuzi wengi. Malori yalikuja, fedha zilihitajika, na akina mama waliokuwa wakiloweka muhogo siku tatu hivi wakaanza kuutoa baada ya siku moja. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wabaya. Walikuwa na watoto wa kusomesha, na lori halingoji. Na nyumbani wao wenyewe walikula muhogo ule ule, mara nyingi bila samaki wala maharagwe ya kutosha. Hata Msumbiji, katika jimbo la Nampula, mwaka 1981, ukame na njaa viliwafanya watu kula muhogo mchungu kabla haujatengenezwa vizuri, na zaidi ya watu elfu moja wakapooza miguu.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linafanana nasi. Mwenye njaa hufupisha. Mwenye kuni chache hufupisha. Anayechota maji kwa foleni hawezi kuyamwaga ovyo kwa ajili ya kuloweka muhogo. Basi, mama au kijana anunuaye makopa sokoni kwa majirani zetu wa hapa Kigoma, na aulize maswali mawili: ni muhogo mtamu au mchungu? Kama ni mchungu, ulilowekwa siku ngapi? Muhogo mchungu uliokatwa tu na kuanikwa juani, bila kulowekwa, bado una sumu nyingi. Kuuliza si dharau. Mama zetu waliuliza hivyo hivyo katika soko la Uvira.

Kinu kina sababu yake

Tuingie kwenye sombe. Majirani Watanzania huita kisamvu, Warundi huita isombe, wa Kinshasa pondu. Kila mtoto wa kwetu anaijua kwa mdomo, lakini wangapi wanajua kwa nini tunaitwanga? Majani ya muhogo yana sumu ile ile, tena nyingi. Kutwanga huvunja jani, na sumu hufunguka. Kisha kuchemsha chungu kikiwa wazi huipeleka hewani. Kijana aliyeona uvivu wa kinu akakata majani kwa kisu kama anakata kabichi hajapika sombe, hata akiweka mawese kiasi gani.

Tunajua shida ya kuni. Akina mama na wasichana wamepata mabaya mengi porini kwa ajili ya kuni, na hatutaki kumwambia mtu achemshe sombe tangu asubuhi mpaka jioni kama siku za zamani. Shauri letu ni hili: msikate kazi ya kinu. Sombe iliyotwangwa laini sana huiva upesi kuliko ile ya haraka haraka, na kinu hakili kuni.

Kisha tazameni kinachotiwa ndani ya sombe: mawese, na ndagala wakipatikana, au karanga. Mawese yale mekundu yamejaa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na magonjwa. (Wale wanaoyachoma mawese mpaka yawe meupe wanatupa faida hiyo pamoja na rangi.) Mafuta ya posho nayo yameongezewa vitamini A kiwandani, kwa hiyo hayadharauliki. Na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaovuliwa usiku kwa taa, wana protini ambayo mwili huitumia, pamoja na kazi nyingine, kushinda masalio ya sumu ya muhogo. Ndiyo kusema bukari, sombe na ndagala katika sahani moja vinasaidiana. Waliovikutanisha walikuwa wakitazama watoto wao, nani ananenepa na nani anadhoofika, mwaka baada ya mwaka.

Mahindi yalisafiri bila mpishi wake

Labda mtu atasema, "Sisi siku hizi hatuli muhogo, tunakula unga wa mahindi wa posho." Vema, tuzungumze juu ya mahindi.

Mahindi nayo yalitoka Amerika. Watu wa Meksiko waliyalima maelfu ya miaka, na hawakuyasaga hivi hivi. Waliyachemsha kwanza pamoja na chokaa au majivu, wakayaosha, ndipo wakayasaga. Wazungu walipoyapeleka mahindi kwao walichukua mbegu, wakaacha namna ya kupika, kwa maana waliiona ni kazi bure ya watu washamba. Katika miaka ya 1700 maskini wa Hispania na Italia, ambao walikula karibu mahindi peke yake, wakaanza kuugua ugonjwa unaoitwa pelagra: ngozi inachubuka palipo na jua, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, na mwisho ni kifo. Sababu ilijulikana vizuri baadaye sana. Katika mahindi kuna vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa. Chokaa na majivu ndivyo vinavyoifungua.

Na jambo hili liliwapata wakimbizi kama sisi. Katika miaka ya 1980 watu wengi sana wa Msumbiji walikimbilia Malawi. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga ndizo zilizowapa niasini. Mwaka 1989 karanga zikakatika. Mwaka 1990 watu kama 18,000 wakapatwa na pelagra katika kambi hizo. Mahindi yalikuwepo. Tumbo lilishiba kwa kiasi, lakini mwenzake ugali hakuwepo.

Katika lugha yetu hapo kuna siri nzuri. Watu wa kwetu huita "mboga" kila kinacholiwa pamoja na ugali, hata kama ni samaki au nyama. Mgeni anashangaa kusikia samaki ni mboga. Lakini neno hilo linatukumbusha kwamba ugali una mwenzake. Katika nyumba zetu kula ugali mkavu ilikuwa ni aibu, na mama aliona afadhali aombe lengalenga kwa jirani kuliko kuwapa watoto ugali na chumvi. Tunajua wako wanaouza njegere za posho ili wapate fedha ya sabuni au daftari, na hatuwahukumu, maana mahitaji ya nyumba yako unayajua wewe. Tunasema tu kwamba ukilazimika kuuza, fikiri vizuri kabla ya kuuza mwenzake ugali. Na bustani ndogo kando ya nyumba, hata mistari miwili ya lengalenga inayomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo, si mchezo wa watoto.

Chakula cha watu wanaokimbia

Tufungue Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Pasaka ya kwanza ililiwa na watu waliokuwa wamevaa viatu na kushika fimbo, tayari kuondoka usiku. Unga wao haukupata nafasi ya kuchacha. Waliubeba mabegani pamoja na vyombo vya kukandia, vimefungwa ndani ya nguo. Ni nani kati yetu asiyeijua picha hiyo? Katika mzigo wa kuvuka ziwa, zaidi ya mama mmoja alibeba sufuria kabla ya godoro.

Katika sura hiyo hiyo wanaambiwa kwamba siku itakuja watoto watauliza maana ya chakula hicho, na wazazi wawe tayari kujibu. Hilo ndilo lililowashika Wayahudi walipotawanywa duniani pote. Walipofika nchi za baridi za Ulaya ambako mboga chungu za kwao hazikumea, walitumia mzizi mkali uliopatikana huko. Kwingine walitumia majani ya saladi. Mboga ilibadilika, lakini uchungu ulibaki, na swali la mtoto likabaki. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba bila samaki wa Baraka hatuwezi kupika chakula cha kwetu.

Na tazameni habari ya mana katika Hesabu sura ya 11. Sisi wahubiri hukimbilia kuwakemea Waisraeli kwa kutamani samaki, matango na vitunguu vya Misri, nasi tunaruka mstari wa 8. Mana ilikuwa posho, imetolewa bure, imepimwa, ile ile kila siku. Watu waliisaga, wengine wakaitwanga katika kinu, wakaipika chunguni, wakafanya mikate. Yaani walikipokea chakula cha msaada kwa mikono ya kwao. Hivyo ndivyo wanavyofanya akina mama wa hapa wanaotia unga wa uji wa posho katika maandazi ya watoto, au wanaochanganya unga wa muhogo kidogo na wa mahindi ili ugali uvutike kama wa nyumbani.

Mila zisizostahili kubebwa

Tusidanganyane hata hivyo, si kila kilichopikwa na babu ni chema. Katika makabila mengi ya kwetu na ya majirani, wanawake walikatazwa kula mayai au kuku, na watoto walipewa mchuzi baada ya wanaume kumaliza nyama. Mama mjamzito ndiye aliyehitaji yai lile kuliko wote. Mila kama hizo tuziache huko huko zilikotoka, na baba wa nyumba awe wa kwanza kuziacha.

Tuache pia kuchekana. Katika kambi moja tuko watu wa ziwani wanaopenda samaki, watu wa milimani wanaopenda maziwa, watu wa msituni wanaokula viwavi, na ndugu Warundi wenye maharagwe na ndizi zao. Viwavi ni nyama kamili kwa protini, na anayewacheka walaji wake huenda mwenyewe hana cha kuweka juu ya ugali wake. Matusi mengi ya kikabila huanzia kwenye chakula: "wale wanaokula kitu fulani." Mtoto anayesikia hivyo jikoni atakwenda nayo shuleni, na sisi tunajua mwisho wa njia hiyo, tulikimbia kutoka huko.

Nani atafundishwa?

Tangu mwaka 2015 maelfu ya wenzetu wamepelekwa Marekani, na wengine wanaongoja. Huko wanapata sombe iliyotwangwa, imegandishwa kwa barafu katika pakiti, na wengine wanapiga simu huku kumuuliza mama: naanza na nini? Mama akiwa hai anajibu. Lakini simu haiwezi kumwonyesha mtu kidole kinavyobonyeza muhogo. Jambo hilo hujifunzwa ukiwa karibu, mkono juu ya mkono.

Kwa hiyo tunapendekeza kila familia ichague siku moja katika mwezi, pale fedha kidogo inapopatikana, mkubwa wa nyumba apike chakula kimoja cha kwao huku watoto wakifanya kazi, si kutazama. Wavulana pia. Kijana anayefika ugenini peke yake bila kujua kupika ataishi kwa mkate na soda. Wakati wa kutwanga mama aseme majina ya vitu kwa Kibembe, Kifuliiru, Kivira au lugha yoyote ya nyumba, maana maneno mengi ya jikoni hayapatikani katika vitabu vya shule. Aseme pia alijifunza kwa nani, na mto uliolowekewa muhogo uliitwaje. Wajane na wazee wanaoishi peke yao waalikwe. Wengi wao wanajua mambo haya kuliko sisi, na hakuna anayewauliza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Someni Kutoka 12:24-28 na Hesabu 11:7-9, kisha mzungumze. Watoto waanze: ni chakula gani cha nyumbani ambacho hujui sababu ya kukipika hivyo? Muulize mkubwa wako. Wazazi: kuna kazi gani ya jikoni mliyoifupisha tangu mfike kambini, na je, kazi hiyo ilikuwa inalinda nini? Kama hakuna ajuaye, nendeni pamoja kwa bibi mmoja wa kijiji chenu cha kambi, mmpelekee kuni kidogo, mkamuulize. Na wote: jirani yenu wa kabila lingine anapika nini ambacho hamjawahi kukionja?

Akina mama watakaokuwa na muhogo mchungu mwezi ujao wanaombwa kuja na kipande kilicholowekwa siku moja na kingine cha siku tatu, baada ya ibada, ili vijana wavishike vyote viwili.